Kopo la Vitovu

Wazee waliokusanya sarafu pamoja na baba yake walimwita binti huyo fundi wa pete Mchinjaji, naye aliitika. Kazi yake ilikuwa kutoboa sarafu za zamani katikati, kuzivika kwenye nondo nyembamba na kuzigonga kwa nyundo ya mbao mpaka ukingo ujikunje uwe pete. Kile kipande cha katikati kilichodondoka alikiita kitovu. Vitovu vyote alivitia kwenye kopo la maziwa ya unga.

"Mchinjaji, leo umechinja ngapi?" aliuliza mpiga chapa mstaafu, rafiki wa baba, kila alipoingia.

"Kumi na nne, baba mdogo."

"Salaale! Mtatumaliza nyie. Nikienda kwa muuza vyuma chakavu naambiwa mafundi wa pete wamepita, wamekomba zote, hata hawachagui. Sisi tukusanye nini, vifuniko vya soda?"

Alicheka, lakini macho hayakucheka.

Baba yeye alikuwa karani wa tiketi miaka mingi, na sarafu zake aliziokota humo humo kwenye chenji, moja kwa kila mwaka. Zilikaa kwenye ubao wa matundu aliouchonga mwenyewe. Tundu moja lilikuwa tupu tangu bintiye hajaota meno, maana mwaka ule zilitengenezwa chache mno. Ndiyo maana nyumba ile ilikuwa na sharti moja tu: sarafu haitobolewi kabla haijapita mkononi mwa baba. Kila jioni alikaa kitandani, kifua kinakoroma, lenzi jichoni, akizigeuza moja moja. "Siyo. Siyo. Na hii siyo." Siku hizi hakuwa na kingine cha kumwinua kwenye mto.

Jumatano moja mwenye duka la mapambo akaleta mfuko mzito.

"Dada, pete ishirini, kesho asubuhi. Kama huwezi sema sasa hivi, mafundi wamejaa tele."

Baba alikuwa ameenda kliniki na mpiga chapa. Fundi akasubiri mpaka saa nane. Bati lilichemka juu ya kichwa chake, simu ya mwenye duka ikaita mara ya pili. Sarafu zenyewe nyeusi tii kwa uchafu. Akajiambia, miaka yote hiyo haijatokea, ije itokee leo? Akashika nyundo.

Baba aliporudi alikuta pete zimeshapigwa. Alivuta kopo, akamwaga vitovu vya siku ile kwenye shuka, akaanza kuvichambua kama mchele. Fundi alijifanya anapiga msasa. Mara akasikia mkono wa baba umeacha kuchakura.

"Mama." Hivyo alimwita pale tu alipokuwa na shida naye. "Njoo unisomee hapa. Macho yangu siyaamini."

Kichwa cha ndege, na chini yake mwaka. Mwaka wenyewe.

"Baba, pete bado sijazipeleka! Zote ziko hapa!" Akazimwaga mbele yake, ishirini, zinang'aa.

"Ni ipi?"

Akaigeuza ya kwanza, ya pili, ya tano. Zilifanana kama punje. Kilichozitofautisha kilikuwa kwenye kiganja cha baba.

"Nisamehe, baba."

Baba alivuta ubao, akakitia kile kitovu kwenye tundu lake. Kilipwaya, kikalala upande.

Asubuhi mwenye duka alizipitia pete akifurahi. "Safi sana, dada. Zote sawasawa, huwezi kujua ipi ni ipi."

Jioni fundi alimpelekea baba mfuko mwingine wa sarafu, akauweka karibu na lenzi kama kawaida. Baba alikuwa amegeukia ukutani.

"We toboa tu, mwanangu," alisema. "Toboa tu."

Akangoja pale mlangoni, labda atageuka. Kisha akaubeba mfuko kwenda kwenye nyundo, akazitoboa zote bila kuzisoma.