Nyumba isiyo na paa

Leo mdomo wangu umeniponza nikiwa juu ya ngazi.

Mwajua Watamu nzima hakuna wa kunishinda kuezeka makuti.

Basi huyu mama wa Ukreni aliyepanga nyumba ninayoiezeka, juzi karudi kutoka kijimji cha kwao kwenye vita. Leo kanionyesha picha ya nyumba isiyo na paa.

Nikacheka. "Fundi wenu hajui kazi, mwanangu!"

"Ni bomu, mzee. Mamangu yumo humo. Nilikwenda kumchukua, amekataa kutoka."

Nikataka kumfariji. "Hata mimi kwangu singetoka."

Ndipo akalia.

Wanangu nao kila siku hunisihi nihamie kwao, nawafukuza.

Nimechoka jamani. Sijapandisha kuti hata moja tena.

Nyinyi mngemwambia nini?