Mama Matone na Printa ya Mwalimu

Saa tatu asubuhi, mlango wa sebule uko wazi na kochi limeshajaa. Wateja wawili wanasubiri zamu. Jirani mmoja hasubiri chochote, amekuja kusikia ya mtaa tu. Katikati yao, kwenye meza iliyotandikwa magazeti ya zamani, mjaza wino anayeitwa na wengi Mama Matone ameinamia printa ya mwalimu.

Mkononi ana bomba la sindano lenye maji ya uvuguvugu. Anasukuma taratibu, tone baada ya tone, kwenye kichwa cha kuchapia. Maji yanatoka meusi, yana mabonge.

"Hiyo si printa tena, ni sufuria ya masizi," anasema wifi yake, mshona nguo wanayegawana naye sebule, bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Wifi, shona. Pindo lako lenyewe linakwenda upogo."

Kochi zima linacheka. Mama Matone anatabasamu kidogo tu. Mwalimu huyo mstaafu, anayefundisha watoto wa mtaa nyumbani kwake, anataka karatasi arobaini za mtihani kabla ya saa nane mchana. Na aliyeiziba printa yake ni Mama Matone mwenyewe.

Kwa miaka kumi na mmoja alichapa barua za watu kwenye duka la fotokopi. Duka lilipofungwa, mwenye duka alimpa printa ndogo iwe mkono wa kwaheri. Wino wa katriji yake, kile kikasha cha ndani, ulidumu wiki tatu.

"Nikaenda kuulizia katriji mpya. Nilipotajiwa bei nikamwambia muuzaji, baba, sikuja kununua duka."

Akanunua wino wa chupa na bomba la sindano, akajifunza kujaza mwenyewe. Siku za mwanzo rangi iliruka kila mahali. "Mume wangu alikwenda kazini na michirizi myekundu mgongoni. Wenzake wakamuuliza amepigwa na nani."

Leo bei ya katriji moja mpya inatosha kujaziwa kwake mara saba. Wiki nzuri hujaza ishirini na tano. Shule zikifungwa, hazifiki nane. Kila katriji huipima kwa mizani ndogo ya jikoni kabla ya kujaza na baada ya kujaza, mteja akiona.

Wiki iliyopita wino aliouzoea uliadimika. Muuzaji akampa chupa nyingine akisema, "Mweusi ni mweusi, dada." Naye akaamini. Kumbe upo mweusi ulioyeyuka kabisa kama chai, na upo wenye unga laini ndani yake. Kila mmoja peke yake hauna neno. Lakini katriji ya mwalimu ilikuwa na mabaki ya ule wa zamani, na yeye akaongeza mpya juu yake bila kuiosha. Ukakutana na ule humo ndani, ukaganda kama maziwa yaliyotiwa ndimu.

"Ningeweza kumwambia printa imezeeka," anasema. "Angeniamini, na hapo ndipo nilipoogopa. Nikamfuata kwake nikamwambia, Mwalimu, nimekuharibia. Ikishindikana, utachukua yangu."

Yake ni moja tu, ndiyo anayojaribia kazi zote. Ikiondoka, biashara nayo imeondoka.

Karatasi ya kwanza ya majaribio inatoka na mistari kama punda milia. Anakilaza kichwa cha kuchapia juu ya kitambaa chenye maji na kukiacha kipumzike. Karatasi ya pili ina nafuu.

Saa sita na nusu mwalimu anakohoa mlangoni. "Hodi wenyewe. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Shikamoo, Mwalimu. Anahema."

"Marahaba. Kuhema si haba."

Karatasi ya tatu inatoka nyeusi vizuri, ila uzi mmoja mweupe unapita katikati ya kila mstari. Ya nne vilevile. Mama Matone anaipeleka dirishani, anaitazama, kisha anaanza kuchomoa waya wa printa yake.

"Uzi mmoja umegoma, Mwalimu, sikufichi. Beba hii yangu."

Mwalimu anavaa miwani na kusoma bila haraka. "Swali la kwanza linasomeka. La pili linasomeka. Atakayefeli hapa asisingizie wino." Anairudisha karatasi mezani. "Na nikiibeba hiyo yako, wino ukiniishia atanijazia nani? Chomeka waya wako, mama. Tuchape."

Saa nane kasoro robo karatasi arobaini ziko kwapani mwake. Jumamosi Mama Matone atamfuata kuusafisha ule uzi mweupe.

Sasa anatafuta printa ya pili, kuukuu, ya majaribio tu. Ameshaiona moja, kifuniko kimevunjika, mwenyewe anaitumia kuegemezea mlango. Anataka aipate kabla shule hazijafunguliwa.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," anasema akifuta vidole. "Chupa yoyote mpya ikija italima kwangu kwanza. Wiki mbili nzima. Ikinishinda, imenishinda mimi, haijafika kwa mtu."