Jiwe Langu Jikoni kwa Bibi

Mnaotaka kucheka, chekeni kwanza mmalize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, kwenye Bwawa la Nyumba ya Mungu, na siku hiyo sikuwa nimeonja hata tone la pombe yetu ya dengelua.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Tulikuwa tumeshuka kutoka Ugweno, watu wa migomba na mifereji. Mambo ya mashua tungeyajulia wapi? Kijiji kilipopata mashua moja, tukaijengea gati kama tunavyojenga nyumba: nguzo tukazichimbia, tukashindilia udongo. Kiangazi maji yakarudi nyuma, gati likabaki nchi kavu, mbuzi wakalala chini yake. Mvuvi mmoja mgeni akatuuliza mbuzi wetu wanasafiri lini.

Mwenyekiti akasema tukishindwa tena, mashua inakwenda kijiji kingine. Nikanyoosha mkono. Nilikuwa na darasa la nne tu, lakini gati nilikuwa naliota hata nikiwa macho. Nikafunga mbao juu ya mapipa matupu, lipande na kushuka na maji. Nikalishikiza kwa kamba ya katani iliyofungwa jiwe, jiwe nikalitupa majini chubwi.

Siku ya tatu, saa sita mchana, nilikuwa napaka mashua lami, nimekaa kwenye ubao wa kuingilia gatini. Nikainua macho: bibi kizee amesimama kule mwisho. Kapita wapi, na njia nimeikalia mimi? Khanga yake kavu, miguu imejaa majivu. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia.

"Shikamoo unaijua," akasema, "hodi hukufundishwa? Jiwe lako limevunja chungu changu jikoni."

Akanyoosha kidole majini, kamba yangu inakozamia. Ndipo nikakumbuka kuwa kabla ya bwawa, pale chini palikuwa na nyumba za watu. Akaniambia niondoe gati langu juu ya paa lake.

Nilitaka kukimbia, siwafichi. Lakini nikawaza watoto wa kijiji na ile mashua moja.

"Gati haliondoki, bibi," nikamwambia. "Jiwe nitalitoa jikoni, nitaliweka uani. Na hodi nitapiga."

Akanitazama sana. Kupepesa hivi, hayupo.

Nikavuta kamba. Niaminini, jiwe lilitoka majini lina masizi, na lilikuwa la moto. Kovu hili hapa kiganjani. Nikasukuma gati hatua kumi kwa upondo, nikalikumbatia jiwe limeshapoa kidogo, nikainamia maji. Hodi. Kimya. Hodi. Jiwe nikalikaza kifuani. Mara ya tatu sauti ikatoka chini, ya mtu aliyeshughulika na moto wake:

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikaliteremsha polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

Habari zilipoenea, wengine walitaka gati livunjwe. Nikakataa mbele ya mkutano mzima, na ningekataa hata leo. Mashua haikuondoka. Kila maji yakishuka nahamisha jiwe, nabadilisha kamba kabla haijaoza pale inapogusa maji, napiga hodi. Yule mvuvi akinicheka, namwonyesha kovu.

Nawe unayejenga juu ya maji, jenga, usiogope. Ila usitupe jiwe usikojua ni jikoni kwa nani. Piga hodi. Usipoitikiwa, lishike hivyo hivyo, hata mikono ife ganzi.