Ngozi ya Konga Ndogo

Kwaya ya parokia moja ya Likasi, kule Kongo, haikuwa na chombo cha kupimia sauti. Ilikuwa na Théodore. Kila Jumamosi alitoka kiwandani na baiskeli yake, akapiga magoti mbele ya ngoma mbili za konga, akagonga ngozi kwa ncha ya kidole karibu na kila bolti, akakaza kidogo kwa ufunguo wa bolti, akasikiliza, akalegeza. Konga kubwa iite, ndogo ijibu. Alivyotaka ndivyo ilivyokuwa, na nani ambishie!

Lakini miaka ya kusimama kando ya mashine ya kuponda mawe haikumwacha salama. Sauti nyembamba zilianza kumkimbia. Konga ndogo ikawa inamjia imefifia, naye akazidi kuikaza wiki baada ya wiki, mpaka katikati ya Misa ngozi ikapasuka, paa! chini ya mikono ya Christiane, mpigaji.

Hapo ndipo Théodore alipofungua mdomo, na heri angeufumba. Alisema binti anapiga na pete kidoleni, ndiyo iliyopasua ngozi. Placide, mwalimu wa kwaya, akamwondoa Christiane kwenye ngoma, na Pasaka iko mlangoni. Théodore aliona aibu, lakini hakuthubutu kusema ukweli. Mlinganisha ngoma asiyesikia ni wa kazi gani?

Jumamosi iliyofuata ililetwa ngozi mpya. Théodore akakaza, akakaza tena. Alipoinua macho alimwona Christiane kwenye benchi la nyuma, mikono mapajani, akikunja uso kila ufunguo ulipozunguka. Akaelewa kwamba ngozi imepita kiasi na yeye hajui. Roho ikamsuta vibaya. Akamwendea, akainama.

“Minye njo nilipasula ile ngozi, mama. Hapana weye. Masikio yangu ilikufa ku mashini.”

Christiane hakumwonea huruma. “Papa Théo, huku nyuma bantu hawasikie. Seme mbele ya bote.”

Akasema mbele ya wote. Kisha Théodore akampa Christiane ufunguo. Binti akalegeza bolti moja baada ya nyingine, akapiga mara moja, na nyuso za wanakwaya zikachangamka.

“Iko bien, papa?” akauliza kama sauti iko sawa, kwa mazoea.

Wote wakamgeukia mzee, wakingoja.

“Ulize bale,” Théodore akasema, akiwaonyesha wanakwaya. “Minye sisikie tofauti.”