Uchunguzi wa Saladi ya Profesa

Mwenzangu na mimi tulitetea tasnifu zetu za uzamivu katika epidemiolojia, elimu ya milipuko ya magonjwa, wiki ileile moja, tukafaulu, na shangazi yake akatangaza kwamba sherehe itafanyika kwake, kwenye kilima cha Naguru. Shangazi ni Mnubi, na pilau yake inasifiwa kilima kizima. Msimamizi wetu, profesa asiyecheka ovyo, alikuja na bakuli la saladi ya viazi aliyoitengeneza mwenyewe. Tukala, tukacheza, tukaitana daktari mpaka neno likachakaa.

Asubuhi tumbo likanisokota. Nikampigia mwenzangu.

"Na wewe?" aliuliza kabla sijasema kitu.

"Na mimi."

"Majirani wa Shangazi waliokuja pia wanaharisha."

Haifai kusema, lakini tulifurahi. Miaka yote tulikuwa tukichunguza matumbo ya watu wa mtaa wa Namuwongo. Huu sasa ulikuwa mlipuko wetu wenyewe.

Tukaanza kuwapigia wageni, tukiuliza nani alikula nini. Habari zikamfikia Shangazi, naye akanipigia.

"Mwanangu, nasikia mnaulizia pilau yangu."

"Tunauliza kila chakula, Shangazi."

"Ulizeni hivyo vingine. Pilau muiache."

Kufika mchana, pilau ilikuwa imesafishika jina. Waliokula pilau bila saladi walikuwa buheri wa afya. Waliougua wote walikuwa wamepakua saladi. Likabaki la kumwambia mwenye saladi. Mwenzangu akasema yeye bado mgonjwa sana, hawezi kuongea na profesa. Nikapiga mimi.

"Habari za nyumbani, Profesa?"

"Si nzuri. Tumbo."

Nikamweleza tulichokigundua. Akaanza kunihoji kwa sauti ileile ya chumba cha mtihani. Je, hakuna aliyekula saladi akabaki mzima? Kachumbari tumeiuliza? Na maji ya kunywa? Nilijibu yote nikiwa nimeketi karibu kabisa na mlango wa choo. Mwishowe akakohoa, akasema saladi ilishinda ndani ya gari juani, pale Nakawa, wakati yeye akizunguka sokoni kututafutia zawadi.

"Hoja yenu ina mashiko," alisema. "Sina la kupinga."

Nilipomsimulia Shangazi, hakumcheka. Jioni alipika pilau upya, akatuma sufuria nyumbani kwa profesa, pamoja na salamu: "Mwambieni ale bila wasiwasi. Hii imeshachunguzwa na madaktari wawili."