Sauti Yangu Kwenye Video ya Maombi

Sauti yangu ilimkamatisha mtu Syria. Habari zilinikuta Anderlecht, hapa Ubelgiji, nakaanga ndizi.

Naitwa Mujinga, mzaliwa wa Lubumbashi. Mwaka 2015, ghorofa ya juu ya kwangu alikaa Afram, Mkristo wa Syria. Dada yake, Nazira, na wanawe walikuwa bado kule vitani. Wenye bunduki walikuwa wakiwasaka Wakristo nyumba kwa nyumba.

Muislamu mmoja, fundi viatu, aliwaficha kwake, akiwaambia majirani ni shemeji zake. Walingoja viza ya Ubelgiji tu.

"Maman Mujinga, tuombee," Afram aliniambia.

Jumamosi nikapeleka habari zao kwenye kikundi chetu cha maombi. Kwetu mtu haombewi nusunusu. Kiongozi wetu, maman Antoinette, hataki mchezo.

"Sema majina yote! Na fasi beko, mahali walipo! Mungu asitafute-tafute, hein."

Nikashika maikrofoni. Nikamtaja Nazira, watoto, mtaa. Nikamtaja na fundi viatu kwa jina lake kamili, abarikiwe. Tonton Florent, mpiga video wetu, akarekodi, akatupia mtandaoni kama kila wiki.

Amina zilimiminika. Nilivimba kichwa, sitaki kuwadanganya.

Wiki tatu baadaye Afram akabisha mlango, simu mkononi.

"Hii ni sauti yako?"

"Oui. Ni yangu."

"Wamemchukua fundi viatu. Walimwonyesha hii mlangoni; jirani yake aliona, akanitumia. Aliwatorosha Nazira na watoto kwa nyuma, yeye akabaki kufungua mlango."

Hakunifokea. Angefoka ningeshukuru.

Sikulia. Nikaenda kuzima jiko, ndizi zimeungua.

Florent alifuta video siku hiyohiyo. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Desemba familia ikafika. Kesho yake Nazira akashuka kwangu na sahani ya biskuti za tende. Akanibusu mikono yote miwili, akasema maneno mengi ya Kiarabu.

Afram akatafsiri bila kuniangalia. "Anasema maombi yako ndiyo yamewaokoa."

"Hujamwambia?"

"Hana rafiki mwingine hapa. Nyamaza." Akanisogezea sahani. "Anaomba umwombee na fundi viatu. Hajarudi."

Nikaitikia kwa kichwa. Nikala biskuti. Sikusikia ladha yoyote.

Hadi leo Nazira ananiita dada. Hadi leo fundi viatu hajulikani alipo.

Ndugu msomaji, ukitaka kumwombea mtu aliyefichwa, funga mlango kwanza, uombe kimoyomoyo. Na mwenye simu atoke nje.