Bandeji Mkononi mwa Bibi Yesi

Sogeeni, nafasi ipo, tumzungumzie mwanamke aliyeitwa Mama Sanamu. Jina hilo alipewa na wanafunzi wa uuguzi, maana tangu astaafu wodini kazi yake ilikuwa kutunza chumba chao cha mazoezi, chenye vitanda sita na wagonjwa sita wa plastiki. Aliwaogesha, akawafunika shuka mpaka kidevuni, na ukimkuta anamkemea mmoja kwa kuangusha mto, usishangae.

Mwaka ule palikuwa na binti mwenye mikono ya ajabu. Akitandika kitanda, huoni mkunjo. Akipima presha, hakosei. Tatizo ni kwamba masomo na maagizo yote yalikuwa kwa Kiingereza, nacho kilimpiga chenga. Aelewe asielewe, alitabasamu akajibu, "Yesi." Wenzake wakambatiza Bibi Yesi.

Mtihani wa kupokea maagizo ya daktari alikuwa ameshafeli mara mbili. Mara ya pili aliitikia "yesi" kwa moyo mkunjufu, kisha akaenda kumlisha sanamu uji, kumbe ameambiwa mgonjwa huyo asionje kitu, anasubiri upasuaji. Ulibaki mtihani mmoja tu. Akiufeli huo, anafungasha virago.

Mama Sanamu alimkuta kati ya vitanda, anajifuta machozi kwa shuka.

"Mwanangu, hiyo nimetoka kuipiga pasi."

"Samahani, mama."

"Kwa nini husemi tu kwamba hujaelewa?"

"Wataniona mjinga. Watanicheka."

"Na mgonjwa akifa, watacheka?"

Mama akachukua bandeji iliyoviringishwa, akamrushia huku akitamka agizo kwa Kiingereza. Sharti lilikuwa moja: ukiidaka, huirudishi mpaka ulitamke agizo lote kwa kinywa chako. Hujaelewa? Ing'ang'anie, uombe urudiwe.

Siku za mwanzo binti aliirusha papo hapo. "Yesi!" Mama hakuidaka. Aliiacha ianguke, ikafunguka sakafuni mpaka chini ya kitanda cha nne. "Haya, huyo ndiye mgonjwa wako. Mwokote."

Wiki tatu, kila mchana, bandeji ilikwenda ikirudi. Wenzake walichungulia dirishani.

"Bibi Yesi, umesajiliwa timu gani?"

"Golikipa wenu huyu," Mama akawajibu. "Mkilazwa mtamtafuta."

Siku ya mtihani akaja daktari mgeni, mdomo wake unakwenda kama cherehani. Mama aliruhusiwa kusimama kando ya kabati, ila asifumbue mdomo. Daktari akamwaga maagizo: dawa hii, kiasi hiki, saa fulani, angalia hiki, usifanye kile. Kisha akasubiri.

Binti akatabasamu.

Mama alilijua tabasamu lile. Basi tena, akajisemea, yesi hiyo inakuja.

Ndipo macho yake yakaushukia mkono wa kuume wa binti. Ulikuwa mtupu, lakini vidole vimekunjwa, vimeng'ang'ania kitu cha ukubwa wa bandeji.

"Daktari," binti akasema kwa Kiingereza, "kiasi cha dawa sijakielewa. Naomba urudie, polepole."

Daktari akamtazama juu ya miwani. Akarudia. Binti akamtajia dawa, kiasi na saa, moja baada ya jingine.

"Na la mwisho?"

"La mwisho pia sijalielewa. Rudia, tafadhali."

Mara mbili! Mama Sanamu akashika mlango wa kabati. Miaka thelathini na mmoja wodini, yeye mwenyewe hakuwahi kumrudisha daktari nyuma hata mara moja. Alikuwa akikimbilia koridoni kuwauliza wenzake, roho mkononi. Kudaka alimfundisha, sawa. Lakini ujasiri ule alimpa nani? Yeye hakuwa nao wa kumgawia. Akamwangalia binti yule mwembamba mbele ya mzee wa miwani, mwili ukamsisimka, kama mtu aliyepanda mche bustanini akarudi kesho yake akakuta mti una kivuli.

Daktari akarudia. Binti akalitamka lote. Kalamu ikaandika, karatasi ikasainiwa.

Hapo tu ndipo vidole vilipofunguka. Binti akamkimbilia Mama pale kabatini.

"Mama, nimefaulu!"

Mama alikuwa anajifuta machozi, na kwa shuka aliyoipiga pasi mwenyewe.

"Sijaelewa, mwanangu," akasema. "Rudia. Polepole."